Mihogo michungu: siku tatu za maji ambazo hakuna aliyeziandika

KAMINA. – Ukimuuliza mama wa Katoto namna bukari ya mihogo inavyopikwa, atakujibu kwa maneno machache: chemsha maji, mwaga unga, songa mpaka ishikane. Ni jibu la kweli, lakini ni kipande cha mwisho tu. Kazi ya siku nne au tano iliyotangulia haisemwi, kwa kuwa huku kila mtoto amekua akiiona. Mihogo inachimbwa, inamenywa, inalazwa ndani ya maji mpaka inalainika na kutoa harufu, inatolewa nyuzi za katikati, inaanikwa juani, inatwangwa, inachungwa. Nani atapoteza muda kueleza jambo ambalo hata jirani analijua?

Tatizo linaanza jirani akiwa ametoka mbali. Familia iliyokimbia vita inafika na watoto, sufuria moja na nguo za kuvaa. Inapewa kikapu cha mihogo na watu wema, au inanunua ile ya bei ya chini. Hakuna anayewaambia kama ni mihogo mitamu au michungu, wala imelala maji siku ngapi. Mwenyeji anafikiri mgeni anajua. Mgeni anaona haya kuuliza. Historia ya Congo inaonyesha kwamba ukimya wa namna hiyo umekwisha kuchukua miguu ya watu wengi, hasa mama na watoto.

Muhogo si mmea wa huku toka mwanzo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliouleta kwenye pwani ya Congo na Angola katika karne ya 16. Kutoka pwani ulisafiri kwa miguu ya wachuuzi na wapagazi, shamba kwa shamba, mpaka ndani ya nchi za Walunda na Waluba. Wareno waliofika kwa Mwata Kazembe, upande wa Luapula, mwaka 1798 na tena mwaka 1831, walikuta mihogo ndiyo chakula kikuu cha watu. Hakuna Mzungu aliyekuja kufundisha namna ya kuitengeneza.

Hapo ndipo panashangaza. Muhogo mchungu una ndani yake kitu kinachogeuka kuwa sianidi, sumu kali sana. Wenyeji wa Amazoni walikuwa wakiukwangua, wakiukamua ndani ya mfuko mrefu wa kusukwa, halafu wakiukaanga. Huku Congo njia iliyoshika ni ya maji: mtoni, kwenye bwawa, kwenye mtungi, leo kwenye ndoo au pipa. Muhogo ukilala majini, vijidudu vidogo vinaulainisha, sumu inafunguka, nyingine inatoka na maji, nyingine inatoka na hewa wakati wa kuanika. Siku ya kwanza muhogo bado mgumu. Siku ya tatu unavunjika kwa vidole. Nkambo zetu hawakuwa na neno sianidi. Walikuwa na vidole na pua, na vipimo hivyo vilitosha.

Majani nayo yanafuata kanuni ileile. Sombe haipikwi bila kutwangwa kwanza, halafu inachemshwa muda mrefu. Watu wanafikiri kutwanga ni kwa sababu ya ulaini mdomoni. Kinu kinafanya zaidi ya hapo: kinapasua jani, na sumu inapata njia ya kutoka.

Sasa mtu atauliza: maarifa haya yaliwekwa wapi? Ukitafuta karatasi, utachoka. Jina la Katoto lenyewe wachimbaji wa mambo ya kale wanalijua kwa sababu ya makaburi ya zamani kwenye bonde la Lualaba, yaliyochimbwa mwaka 1959, miaka michache tu baada ya yale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Ndani ya makaburi hayo walikuta vyungu vingi, vizuri, vilivyozikwa pamoja na wafu. Vyungu viko mpaka leo. Vilipikwa nini ndani yake, na kwa utaratibu gani, hakuna anayeweza kukusomea.

Waluba walikuwa na kitu cha kutunza kumbukumbu, lukasa, ubao wa kushika mkononi wenye shanga na michoro. Watu wa chama cha Mbudye walikuwa wakipitisha kidole juu yake na kusimulia habari za wafalme, safari zao na mahali patakatifu. Lukasa ilitunza ufalme. Jikoni haikuingia. Baadaye wakaja wamisionari. Padri Van Avermaet, Mfransisko, pamoja na Benoît Mbuya, walitoa kamusi kubwa ya Kiluba na Kifaransa iliyochapishwa Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1954. Kamusi inakupa neno na maana yake, nayo ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini anayetaka kula jioni hii hasaidiwi sana na kamusi.

Kuna andiko moja ambalo lingeweza kuwa na mapishi, na halina. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika kwa niaba ya wafanyakazi wa nyumbani wa zamani, wale waliokuwa wakiitwa maboyi, historia ya mji wao kwa Kiswahili cha Katanga. Jina lake ni «Vocabulaire de ville de Elisabethville». Ni andiko la watu waliopika, waliofua na kutandika vitanda vya Wazungu. Wanaeleza mishahara, mabwana wao, mateso na namna mji ulivyozaliwa. Profesa Johannes Fabian alilitoa kama kitabu mwaka 1990, na miaka kama kumi baadaye likawekwa kwenye intaneti, ndani ya hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida iliyotengenezwa Amsterdam. Mtu wa Kamina mwenye simu anaweza kulisoma neno kwa neno. Ni jambo la kujivunia. Lakini wapishi wale walikuwa wanaume, na jikoni ya bwana walipika chakula cha bwana. Mihogo ilikuwa kazi ya wake zao nyumbani, nao hakuna aliyewapa mashine ya kuandikia.

Basi maarifa yalibaki mahali pake pa zamani, kwenye mikono ya wanawake. Msichana alijifunza kwa mama, na akiolewa alijifunza tena kwa mama mkwe, ambaye mara nyingi alikuwa na ukali zaidi. Ni hifadhi nzuri mradi watu wakae pamoja.

Mwaka 1938 daktari Trolli, Mwitaliano aliyefanya kazi katika utawala wa Wabelgiji, aliandika juu ya ugonjwa wa ajabu uliotokea Kwango. Mtu mzima wa afya alilala vizuri, au alikuwa akitembea njiani, na ghafla miguu ikakakamaa. Haikuwa na vidonda wala homa. Wayaka waliita ugonjwa huo konzo, kwa maana ya miguu iliyofungwa. Waliopatwa hawakurudi kutembea kama zamani. Wengine walitembea kwa vidole vya miguu, magoti yakigongana, wengine kwa fimbo mbili, wengine walitambaa. Wakati ule chanzo hakikujulikana, na vijijini wengi walisema ni uchawi.

Ilichukua zaidi ya miaka arobaini kupata njia ya kuelewa. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkubwa, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu katika jimbo la Nampula, kaskazini ya Msumbiji. Kule waliuita mantakassa. Madaktari waliokuwa huko, kati yao Julie Cliff na Msweden Hans Rosling, walikuta jambo moja kila mahali: mavuno mengine yalikufa kwa jua, ukabaki muhogo mchungu, na watu wenye njaa hawakungoja siku zote za kuutengeneza. Ukame wenyewe unazidisha sumu ndani ya mizizi. Miaka minne baadaye, mwaka 1985, jambo hilohilo lilitokea Tarime, Tanzania, nako ulikuwa mwaka wa ukame.

Huku kwetu ilionekana kwamba hata bila njaa kubwa mambo yanaweza kuharibika. Katika Bandundu ya wakati ule, barabara ya lami ilifungua njia ya kwenda Kinshasa. Malori yalikuja kununua mihogo mikavu, ile kosete. Mnunuzi alikuwa na haraka, na pesa ilikuwa mkononi. Wanawake wakaanza kupunguza siku za maji: tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja. Mwaka 1992 mtaalamu wa lishe wa Congo, Banea Mayambu, pamoja na wenzake, walionyesha wazi kwamba njia hiyo ya mkato ndiyo iliyobakiza sumu ndani ya unga. Kosete za siku moja zinaonekana nyeupe na nzuri kama za siku tatu. Lori linanunua bila kutambua tofauti.

Hapo inafaa kusema jambo moja kwa haki. Watu wa mjini wana mazoea ya kusema kwamba wanawake wale walikuwa wajinga. Hawakuwa wajinga hata kidogo. Walijua desturi ya siku tatu, maana mama zao waliifuata. Hawakuambiwa sababu. Kila mtu alifikiri siku tatu ni kwa ajili ya ladha na ulaini, na ladha mtu anaweza kuiacha akihitaji pesa ya shule.

Vita vinafanya kazi ya lori kwa nguvu zaidi. Nampula ilirudi kuona konzo mwaka 1992 na 1993, mwishoni mwa vita ya Msumbiji, na Cliff aliandika kwamba safari hii vita ndiyo iliyokuwa chanzo. Si vigumu kuelewa kwa nini. Muhogo mchungu ndio chakula cha vita. Unakaa ardhini mwaka mmoja, hata miwili, ukingoja mwenyewe arudi. Nyani na nguruwe wa pori hawaupendi, mwizi anauogopa, askari hawezi kuuchoma moto kama ghala la mahindi. Wenye kukimbia wakirudi usiku kuchimba kitu, huo ndio wanaoukuta. Lakini kukaa siku tatu kando ya maji, na siku mbili nyingine za kuanika, wakati bunduki ziko karibu, ni nani awezaye? Mwaka 2011 wataalamu waliandika kwamba konzo imejitokeza Kivu ya Kusini, jimbo lililokwisha kuona miaka mingi ya vita.

Kamina inajua habari za kukimbia. Mji huu ulikua na reli, na reli hiyohiyo ndiyo iliyopitisha watu waliofukuzwa. Mwaka 1992 kule Likasi na mwaka 1993 kule Kolwezi, familia za asili ya Kasai zilitolewa ndani ya nyumba zao, zikalala stesheni wiki na miezi zikingoja treni. Njia ya treni kwenda Kasai inapita Kamina. Wengi walikufa kabla ya kufika. Waliobaki waliishi stesheni kwa chochote walichogawiwa au kununua, kando ya reli, ambako hakuna mtu anayeweza kulaza mihogo majini kwa utulivu.

Halafu ikawa zamu ya watu wa huku. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006, operesheni za jeshi dhidi ya Mai-Mai wa Gédéon Kyungu Mutanga, pamoja na mashambulizi ya Mai-Mai wenyewe, zilifukuza watu kwa makumi ya maelfu kati ya Mitwaba, Pweto, Bukama na Malemba-Nkulu. Gédéon alijisalimisha Mei 2006, akahukumiwa, akatoroka gereza la Kasapa mwaka 2011, na watu wakaanza tena kufunga mizigo. Mama aliyekimbia mara mbili kabla mtoto wake hajafika umri wa kwenda shule, alimfundisha mtoto huyo kuloweka mihogo wapi na lini?

Kuna jambo la samaki pia, nalo ni la kwetu kabisa. Mwili wa mtu una uwezo wa kujitolea sumu ya sianidi, lakini unahitaji chakula chenye protini kama samaki, nyama, mayai au maharagwe. Ndiyo sababu konzo haipigi kila anayekula mihogo. Inapiga anayekula mihogo peke yake, siku baada ya siku. Wavuvi wa Upemba na Kisale wamekula mihogo pamoja na samaki kwa vizazi vingi, na tangu zamani samaki mkavu wa maziwa hayo aliuzwa mbali sana katika nchi ya Waluba. Bukari na samaki ni mazoea, na mazoea hayo ni kinga. Mkimbizi anapoteza vyote viwili kwa mara moja: siku za maji kwa sababu ya haraka, na samaki kwa sababu ya kukosa franka. Anabaki na bukari na chumvi.

Wanawake wa Kamina wenyewe wanachanganya sana unga wa mahindi na wa mihogo. Wanafanya hivyo kwa ladha na kwa bei, kwa kuwa reli imeleta watu wa kila upande na kila mmoja amekuja na kipimo chake. Mkasai anataka mahindi kiasi hiki, wa upande wa ziwa anataka mihogo zaidi, na kwenye kinu kimoja unaweza kusikia mabishano yasiyokwisha. Mabishano hayo yanafaa. Mgeni akisimama pembeni akisikiliza, atasikia mambo ambayo mwenyeji asingefikiri kumwambia.

Kwa unga ambao umekwisha kusagwa, na ambao mwenyewe hajui ulilala maji siku ngapi, kuna njia ambayo iliandikwa na kujaribiwa. Ilitengenezwa na Howard Bradbury, mtaalamu wa Australia, akafanya kazi pamoja na Banea na wenzake wa Congo. Kijiji cha Kay Kalenda, katika Bandundu ya zamani, kilikuwa na wagonjwa wa konzo. Kuanzia mwaka 2010 wanawake wa kijiji walifundishwa njia hiyo, na katika muda wote wa kazi hiyo hakuna mgonjwa mpya aliyetokea. Mabango yenye michoro yalichapishwa kwa lugha mbalimbali, pengine ni mara ya kwanza kipande hiki cha mapishi ya mihogo kuandikwa kwa ajili ya wale wanaokipika.

Unachukua unga, unauweka ndani ya bakuli, unausawazisha, unatia alama ndani ya bakuli mahali unga unapofika. Unamwaga maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda tena. Ukifika kwenye alama, maji yametosha. Unautandaza juu ya mkeka au sinia, mwembamba, usizidi unene wa sentimeta moja. Unauacha saa mbili juani, au saa tano kivulini. Sumu inatoka na hewa. Halafu unaupika sikuile ile kwa maji ya moto kama kawaida, bila kuulaza mpaka kesho. Bukari inatoka na ladha yake, na wanawake wa Kay Kalenda walisema wameipenda hivyo.

Njia hiyo haiondoi haja ya siku tatu za maji, ila inaongeza kinga. Inahitaji mkeka, maji kiasi na saa mbili za jua. Hata familia iliyolala jana chini ya veranda ya shule inaweza kupata hivyo, kama mwenye veranda ya jirani atakumbuka kuwaambia.